Injini Kubwa za Mvuke za Mkoa wa Tanga: Pima Kwanza, Moto Baadaye

Wazee wetu, shikamooni. Mafundi, walimu, vijana wa ufundi, na ninyi mliotoka Muheza, Pangani na Korogwe, poleni na safari.

Mada yetu ni injini kubwa za mvuke zilizosahaulika kwenye viwanda vya zamani. Nitaizungumzia kama fundi anavyozungumza na mafundi wenzake: sehemu, vipimo, hatari na dawa yake. Msimamo wangu nauweka mapema. Injini hizi huokolewa na daftari, futi kamba, debe la grisi na bati lisilovuja. Kuwasha moto chini ya boila ya zamani ni jambo la mwisho kabisa, na kwa nyingi kati yake halifai kufanyika kamwe. Anayeanza na moto hupoteza mashine, na huenda akapoteza watu.

Kwanza tuelewe kwa nini mashine nzito namna hii zilipelekwa mashambani badala ya kukaa mjini karibu na bandari. Jibu liko kwenye jani la mkonge. Katika kilo 100 za majani mabichi unapata kilo 4 hivi za singa, yaani nyuzi za mkonge. Kilo 96 ni maji na nyama ya jani. Nani alipie kusafirisha mzigo huo? Tena jani likishakatwa halingoji. Likipita siku mbili hivi linaanza kukauka, nyama inang'ang'ania nyuzi, na korona, ile mashine ya kukamulia majani, inatoa singa chafu. Ndiyo maana kila shamba lilijenga kiwanda chake katikati ya mkonge, na kila kiwanda kikahitaji nguvu yake ya kuzungusha korona, pampu ya maji, brashi za kusafishia singa na mashine ya kushindilia marobota.

Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huo huo ujenzi wa reli ulianza hapa Tanga, reli ya upana wa mita 1, ikafika Moshi mwaka 1911. Kufikia 1913 koloni lilikuwa likiuza nje zaidi ya tani 20,000 za katani kwa mwaka. Hesabuni wenyewe: kwa asilimia 4, tani 20,000 za singa ni tani 500,000 za majani yaliyokamuliwa. Kazi hiyo haikufanywa kwa mikono.

Mvuke ulishindwa na dizeli na umeme. TANESCO iliundwa mwaka 1931, na katika miaka hiyo ya 1930 nguvu ya maporomoko ya Pangani ikaanza kutoa umeme. Kituo cha Hale, megawati 21, kilifuata mwaka 1964, wakati nchi ilipovuna karibu tani 230,000 za katani, kiwango ambacho hakijafikiwa tena. Kisha kamba za plastiki zikaua soko na viwanda vingi vikafungwa. Injini ya mvuke ikibahatika kubaki, ilibaki kwa sababu moja tu: kuitoa ilikuwa gharama kubwa kuliko kuiacha.

Hivyo hivyo zimesalia baadhi ya injini kubwa kuliko zote duniani. Kando ya mto Ohio, mjini Cincinnati, Marekani, zimesimama injini 4 za kusukuma maji, kila moja ina kimo cha karibu mita 32 na uzito wa tani 1,400. Zilianza kazi mwaka 1906, zikasimamishwa 1963, na bado ziko pale pale. Kempton Park, pembeni mwa London, zipo mbili za mwaka 1929, kimo mita 19; zilisimama 1980, na moja imerudishwa kazini kwa juhudi za watu wanaojitolea. Na Uholanzi, mahali paitwapo Cruquius, ipo injini ya mwaka 1849 yenye silinda ya kipenyo cha mita 3.66. Kipenyo hicho ni karibu mara mbili ya kimo cha mtu mrefu. Hii ya Cruquius nitairudia, maana ina funzo la kiufundi kwetu.

Lakini mfano ulio bora uko nchini mwetu, na kila fundi anapaswa kuujua. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikaletwa Kigoma vipande vipande ndani ya makasha. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe. Kabla ya kuizamisha, wahandisi wake walipaka injini grisi nene. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, injini na boila zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi ziwani kwa mvuke. Miaka mingi chini ya maji, na iliyoziokoa ni grisi. Mtu akikuambia mashine imekaa miaka mingi hivyo haina tena faida, mkumbushe Liemba.

Sasa tufike kazini. Kutafuta kunaanza na bomba la moshi na maji. Korona inameza maji mengi, kwa hiyo kiwanda kilikaa jirani na mto, mfereji au bwawa. Fuata tuta la reli ndogo ya troli. Zote zinaelekea kiwandani. Ndani ya jengo tazama sakafuni: ufa mrefu mwembamba uliojengwa makusudi ni shimo la flaiwili, lile gurudumu kubwa la kutuliza mwendo. Hata injini ikiwa imeshauzwa, kitako chake kinasema. Bolti za msingi zilizobaki zipimeni umbali wake kutoka moja hadi nyingine na kipenyo chake, kwa sababu mchoro wa bolti ni alama ya kutambulisha injini iliyoondoka.

Mtakutana na aina mbili. Ya kwanza ni lokomobili: boila na injini ni kitu kimoja, injini imeketi mgongoni mwa boila. Majina ya kutazamia kwenye vyuma vya Kijerumani ni R. Wolf wa Magdeburg na Heinrich Lanz wa Mannheim. Krupp Grusonwerk, aliyetengeneza korona, naye alikuwa Magdeburg. Kwenye vyuma vya Kiingereza tazameni Robey wa Lincoln, ambaye pia alitengeneza mashine za kukamulia mkonge, na Marshall wa Gainsborough. Aina ya pili ni injini inayolala peke yake juu ya kitako cha mawe au zege, na boila yake iko chumba cha pili, imezungushiwa matofali. Boila ya namna hiyo ikiwa na matundu mawili makubwa ya moto mbele, hiyo ni Lancashire. Ikiwa na moja, ni Cornish.

Kibati cha jina ndicho kinachoibwa kwanza. Kikikosekana msikate tamaa. Namba ya kiwanda hugongwa pia kwenye uso wa fito la pistoni, mwisho wa shafti, kwenye mfuniko wa silinda na juu ya mlango wa boila. Osheni kwa mafuta ya taa na kitambaa, kisha pitisheni tochi kwa ubavu. Herufi zilizofutika huonekana kwa kivuli. Msitumie mashine ya kusagia hapo hata kidogo, itafuta namba milele. Namba hiyo ina thamani kwa sababu watengenezaji waliandika kila injini kwenye vitabu vyao, na baadhi ya vitabu hivyo vimehifadhiwa.

Kabla hamjagusa kitu, hatari nne. Nyuki na nyoka mnazijua. Ya pili ni lile blanketi jeupe au la kijivu linalofunika boila na mabomba: lichukulieni kuwa ni asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake linadhuru mapafu, mpaka maabara iseme vinginevyo. Msilibomoe, msilifagie likiwa kavu. Lilowesheni, lifunikeni, liacheni. Ya tatu ni flaiwili. Injini inaweza kuonekana imekufa kumbe imesimama tu pasipo mizani, na ukilegeza kitu kimoja inageuka na kukubana mkono. Ikazeni kwa kabari za mbao pande zote mbili za ukingo wake.

Ya nne ndiyo inayoua kimya kimya, nayo ni hewa ya ndani ya boila. Chuma kinapopata kutu kinakula oksijeni, na boila iliyofungwa miaka mingi inaweza kuwa na hewa isiyotosha kumweka mtu hai. Aliyeingia huzimia bila dalili, na anayemfuata kumwokoa huzimia juu yake. Fungueni milango yote ya juu na ya chini, pulizeni hewa kwa feni, na bado asiingie mtu bila kipimo cha oksijeni na wenzake walioko nje wakiwa wameshika kamba yake. Kwa uchunguzi wa mwanzo hakuna haja ya kuingia kabisa. Fungeni simu kwenye fito pamoja na tochi, rekodini picha za video, mtaona mirija, nguzo za ndani na sakafu ya boila vizuri tu.

Vipimo. Urefu wa mwendo wa pistoni hupimwa bila kufungua chochote: pima kutoka katikati ya shafti hadi katikati ya pini ya kranki, zidisha mara mbili. Kipenyo cha flaiwili pateni kwa kuzungusha kamba ukingoni, gawanya kwa 3.14. Tuseme imetoka mita 3, na ukingo una upana wa sentimita 30 na unene wa sentimita 15. Mzunguko wa katikati ya ukingo ni mita 8.95, zidisha kwa 0.30 na 0.15 upate meta za ujazo 0.40, chuma cha kusubu kina tani 7.2 kwa kila meta ya ujazo, kwa hiyo ukingo peke yake ni tani 2.9, mikono na kitovu bado. Hesabu hii ifanyeni kabla mtu hajaleta winchi ya tani 2.

Nguvu nayo inakadirika. Silinda ya kipenyo cha sentimita 35, mwendo wa sentimita 60, mizunguko 100 kwa dakika, na presha ya wastani ya bar 2.5 juu ya pistoni, inatoa kilowati 48, yaani nguvu farasi 65 hivi. Mvuke unasukuma pistoni pande zote mbili, kwa hiyo kila mzunguko una misukumo miwili. Wengi husahau hilo na kupata nusu ya jibu. Andikeni pia upana wa puli za mkanda, kwa sababu upana wa mkanda unaonyesha ni nguvu kiasi gani ilipelekwa kwenye korona na kiasi gani kwenye pampu.

Mahali ilipo injini paandikwe kwa simu, lakini ramani hiyo isitumwe kwenye makundi ya mitandaoni. Anayetafuta shaba naye ana simu. Vikombe vya oili, geji, koki za kioo cha maji na makombe ya beringi ni vya shaba, na vikitolewa makombe hayo shafti inashuka, inakaa upande, na uzito wote unaegemea mahali pasipotengenezwa kubeba. Nimesema shafti; flaiwili ya tani tatu iko juu yake.

Kuhusu kutu nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nia njema inapoharibu zaidi. Upepo wa bahari unaleta chumvi, na chumvi inavuta unyevu hata siku ya jua. Ukipaka grisi juu ya chumvi umeifungia chumvi ndani iendelee kula. Kwa hiyo mwanzo ni maji baridi yasiyo na chumvi na brashi ya nailoni, siku ya jua kali, asubuhi, ili kabla ya jioni chuma kiwe kikavu. Kutu iliyolegea itolewe kwa brashi ya waya ya mkono. Kisha grisi nzito, safu ya milimita 2 hadi 3, kwenye fito la pistoni, pini, njia za kuteleza na shafti. Sehemu zilizokuwa na rangi ziacheni na rangi yake, hata iliyochakaa; pakeni oili nyepesi tu. Msitumie oili chafu iliyotolewa kwenye gari: ina asidi na maji ndani yake. Rudieni mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli.

Kosa jingine ni kuifunga mashine kwa turubai la plastiki ikaonekana imestirika. Usiku chuma kinapoa, unyevu wa ndani unagandamana kuwa matone, asubuhi linaanza joto, na mzunguko huo kila siku unakula chuma kuliko mvua. Paa ndilo linalotakiwa, bati au makuti, na ubavu uwe wazi upepo upite. Fukueni udongo sentimita 30 kuzunguka kitako. Toeni majivu yote ndani ya tanuri na chini ya bomba la moshi, maana majivu yanashika maji, na mara nyingi bati la hapo ndilo linalotoboka kwanza. Mkuyu ukiota kwenye msingi usiung'oe. Mizizi itaondoka na mawe. Ukate, uue kisiki, mizizi iachwe ioze mahali pake.

Injini iliyokwama isivutwe na trekta. Chuma cha kusubu kinastahimili kubanwa, hakistahimili kuvutwa, na mkono wa flaiwili ukipasuka hakuna welda wa kuurudisha kwa uhakika. Fungueni mfuniko wa silinda kwa kulegeza nati zote kidogo kidogo kwa kupokezana. Mimineni dizeli sehemu mbili na oili ya gia sehemu moja, pande zote mbili za pistoni, mwache wiki kadhaa mkiongeza. Baada ya hapo tumieni jeki ndogo na kipande cha mbao ngumu, sukumeni milimita moja huku, milimita moja kule. Pete za pistoni ndizo zilizoshika kutu, nazo zinaachia kwa uvumilivu. Ikikataa kabisa, iacheni imekwama. Imekwama lakini nzima.

Na kama watoto wa shule wanataka kuona inazunguka? Hapa ndipo ninaporudi Cruquius. Injini ile haina tena boila zake, na mwendo wanaouona wageni unatoka kwenye mashine ya haidroliki. Sisi tunaweza kufanya hivyo kwa bei nafuu: mota ndogo ya umeme yenye gia, roli la mpira likigusa ukingo wa flaiwili, mizunguko 2 au 3 kwa dakika, baada ya kila beringi kupata oili. Mtoto ataona pistoni, valvu na kranki zikifuatana, jambo ambalo kwenye kasi ya kazi asingeliona.

Wanaosisitiza mvuke wasikilize hili. Kwenye presha ya bar 10 maji ndani ya boila yana joto la zaidi ya nyuzi 180. Bati likipasuka, sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo, na kila lita moja inayogeuka inadai nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Jengo halibaki. Boila inapaswa kupimwa unene kwa mawimbi ya sauti sehemu zote, hasa chini, nyuma ya matofali na kwenye mishono ya riveti, ambako kutu huvimba na kutenganisha mabati. Kisha ijazwe maji baridi mpaka hewa yote itoke, ipandishwe presha mara moja na nusu ya ile ya kazi. Maji, kamwe si hewa ya kompresa: maji yakipata ufa presha inashuka mara moja, hewa inalipuka. Na hayo yote yafanyike mbele ya mkaguzi wa OSHA, kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Kwa boila nyingi za umri huu jibu litakuwa hapana, na mkaguzi atakuwa amesema kweli.

Upande wa ulinzi, wengi wanadhani kitu cha Mjerumani kinalindwa chenyewe kwa kuwa ni cha kale. Sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeweka mstari kwenye mwaka 1863 kwa majengo na vitu vinavyolindwa moja kwa moja, na cha baada ya hapo kinahitaji kutangazwa na waziri. Injini ya mwaka 1905 iko nje ya mstari huo kwa miaka 42. Kwa hiyo mwenye shamba ana haki ya kuiuza leo, na mtu wa kwanza kumwendea ni yeye, kwa heshima, na barua mkononi, kabla ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Mwombeni mambo mawili tu: ruhusa ya kupima, na ahadi kwamba siku akitaka kuuza atawaarifu.

Mkifika mashine imeshauzwa, ombeni siku mbili. Pigeni picha kila upande na futi kamba ikionekana ndani ya picha. Ombeni au nunueni kwa risiti kibati, gavana (kifaa cha kudhibiti mwendo wa injini), geji na valvu moja kamili. Ni vitu vinavyobebeka kwa pikipiki na vinaeleza mengi. Vya shaba vinavyoletwa mtaani bila risiti msinunue, hata kwa nia ya kuviokoa, kwa sababu anayeleta atarudi kuchukua vingine. Wakati wa kukata, simameni mbali na nguzo za ndani ya boila na mabomba yaliyozibwa, na waambieni wakataji habari ya asbesto.

Daftari lenu liwe na nakala mbili: moja kwa mwenye mali, nyingine ikae maktaba au shule ya jirani. Sasa tupokee maswali, na naomba tuanze na wazee waliowahi kuchochea moto au kulisha korona. Vijana, kalamu mkononi: waulizeni presha ilisomeka ngapi, kuni zilitoka wapi, na beringi ipi ilikuwa ikipata moto.